Shokapu ya Kulia

Upande wa kulia ndio uliokuwa ukilia.
Kila tuta, kila shimo lililoachwa na barafu
kati ya stesheni ya treni na kanisa la Sainte-Odile,
Kamri ilitoa sauti ya kitanda cha hoteli ya bei poa,
na mtaa mzima, hapa Rimouski,
ukajua binti yangu amerudi kazini.

Jumamosi ya Aprili. Theluji chafu bado imejibanza
kwenye kivuli cha gereji.
Tulinunua mbili, ndani ya maboksi marefu,
springi zimekwisha kubanwa kiwandani, kwa sababu
jirani yetu Fernand aliwahi kuibana springi mwenyewe
na dari lake lina tundu hadi leo.

Nikang'oa kiti cha nyuma. Chini yake:
senti thelathini na tano, tiketi ya sinema,
na hereni niliyomshutumu Solange kuwa ameiiba.
Nikaitia mfukoni. Nitampigia dada yangu simu.
Siyo leo.

Jeki, kisha stendi, kisha Maude akalisukuma gari kwa bega,
maana gari usilolitikisa ukiwa nje
litakutikisa ukiwa chini yake.

Boliti mbili za chini.
Majira ishirini na mawili ya baridi na chumvi ya barabarani
yalikuwa yamezifungisha ndoa na kutu,
ndoa ya kanisani, isiyojua talaka.
Tukanyunyiza mafuta. Tukanywa kahawa. Tukanyunyiza tena.
Tukagonga. Tukapuliza moto wa gesi
mpaka chuma kikawa chekundu kama komamanga.
Nikachomeka kwenye spana bomba la chuma,
mguu wa bembea yake ya utotoni,
na Maude akaning'inia mwisho wake, nyayo hewani,
kilo hamsini na saba nilizozizaa mwenyewe,
kraa!

Tukatazamana. Boliti, au spana, au mkono?
Boliti.

Shokapu kuukuu ikatoka ikichuruzika.
Uliibonyeza ikazama, wala haikuinuka,
kama mtu aliyezoea kusema ndiyo.

Saa tisa alasiri mpya imesimama mahali pake,
nati tatu juu, boliti mbili chini, nyeusi ya kung'aa.
Maude akashika bomba la breki, akatafuta pa kulifungia.
Hapakuwapo.
Kishikio kilitazama upande wa pili, kama mgeni aliyenuna.
«Mama. Boksi limeandikwa nini?»
Lilikuwa na herufi moja tu, kubwa kuliko kidole gumba changu,
nami sikuisoma.
Ya kushoto tulikuwa tumeiweka kulia.

Nikakaa juu ya ndoo, nikacheka mpaka nikalia,
au kinyume chake.
Maude akanifuta shavu kwa tambara la gereji
na shavu likazidi kuwa jeusi.
Kisha tukafungua. Safari hii boliti zilitoka
kama zimeombwa kwa adabu.

Ya kushoto ikaenda kushoto. Tulimaliza taa zikiwaka.
Tukalipitisha gari juu ya shimo la mbele ya duka la Lavoie:
kimya.
Tukarudi tukalipitisha tena, kwa ubishi tu:
kimya. Maude akaupiga usukani makofi.

Hili sikulihesabu kwenye bei.
Mwaka wa tatu sasa anakanda mikate ya watu usiku,
na usingizi wangu huwa unasubiri mlio ule,
krii kubwa kwenye ukingo wa njia, krii ndogo, kisha funguo.
Usiku wa kuamkia Jumatatu nilisikiliza jokofu.
Nilisikiliza upepo unaotoka mtoni.
Saa kumi na moja nikainuka, simu mkononi, moyo mdomoni,

na viatu vyake vilikuwa mlangoni tayari,
unga kwenye kamba.
Nyuma ya mlango wa chumba chake alikuwa akikoroma, taratibu,
kama mtu asiyedaiwa.
Nikasimama gizani, pekupeku, nikiusikiliza mkoromo ule.
Unatosha, nikajiambia.
Itabidi utoshe.